Mtoto Aliyetanguliza Makalio: Fanyeni Shauri Kabla ya Uchungu

Mkulima, wewe mwenye ng'ombe wa maziwa waijua siku ng'ombe wako alipopandishwa. Umeiandika katika kitabu, au kwa mkaa ukutani mwa zizi, na tangu siku hiyo unahesabu. Siku 280 zinapokaribia hutoki nyumbani. Umetandika nyasi kavu, umemwambia kijana asilale mbali, na namba ya daktari wa mifugo imo katika simu yako. Hakuna mkulima mwema wa skimu angojaye mpaka ndama akwame ndipo aanze kuuliza daktari huyo anakaa wapi.

Sasa twataka kukuuliza neno moja. Mwanadamu naye, tukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho ya mama, huchukuliwa mimba siku 280, yaani wiki 40. Je, wajua mkeo yuko katika wiki ya ngapi leo? Na wewe mama unayesoma, je, ulipokwenda kliniki mara ya mwisho uliambiwa kichwa cha mtoto kiko wapi? Hatusemi kwamba mama ni ng'ombe. Twasema kwamba nyumba iliyo tayari kwa ndama haina udhuru wa kutokuwa tayari kwa mtoto.

Habari yetu mwezi huu ni ya mtoto ambaye siku zake za kuzaliwa zimekaribia, naye bado amekaa tumboni kichwa juu na makalio chini. Jambo hili likijulikana mapema, ni shauri la kupanga tu. Likijulikana usiku, mvua inanyesha na uchungu umekwisha kushika, huwa hatari kubwa. Mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni saa mliyolijua.

SI MKOSI

Mimba ikiwa bado changa, watoto wengi hukaa hivyo. Katika wiki ya 28, mtoto mmoja hivi katika kila wanne au watano amekaa kichwa juu, wala hilo si la kumtia mtu hofu, kwa kuwa bado ana nafasi ya kuogelea na kujigeuza mwenyewe. Kadiri anavyokua, nafasi hupungua na kichwa huelekea chini. Wiki zikitimia 37, wanaobaki kichwa juu ni 3 au 4 tu katika kila 100. Fikiri juu ya shule ya watoto 300: huenda 9 au 12 kati yao walikuwa wamekaa hivyo siku zao zilipotimia, na leo wanacheza mpira na wenzao wala huwezi kuwatambua.

Mara nyingine sababu huonekana. Labda ni pacha, na nafasi ni ndogo. Labda kondo la nyuma limekaa chini likaziba njia, au maji ya uzazi ni mengi mno au machache mno, au kuna uvimbe katika tumbo la uzazi, au mtoto hajatimiza siku zake. Lakini mara nyingi hata daktari haoni sababu yoyote. Basi asiwepo mtu wa kumlaumu mama kwamba alibeba kuni, au alipalilia viazi, au alikosana na mama mkwe. Hayo hayamgeuzi mtoto.

Watoto hawa hawakai namna moja. Wengi wao wameinyosha miguu juu, nyayo karibu na uso, hivi kwamba makalio peke yake ndiyo yaliyo mlangoni. Wengine wamekunja magoti kama mtu aliyekaa mkekani. Na wako wachache ambao mguu mmoja au yote miwili imeshuka mbele ya makalio. Hawa wa mwisho ndio wa kuogopewa zaidi, kwa sababu mguu ni mwembamba na hauzibi mlango. Chupa ya maji ikipasuka, kamba ya kitovu yaweza kuteleza ikapita kando ya mguu, ikatangulia nje na kubanwa.

KWA NINI HUMVUTI MTOTO KAMA NDAMA

Hapa ndipo mazoea ya mkulima yawezapo kumdanganya, nasi twaomba usome polepole.

Ndama akija kinyumenyume, na miguu miwili ya nyuma imekwisha kutoka, wewe na jirani mwafunga kamba mkavuta, na mkifanya upesi ndama aweza kuishi. (Akionyesha mkia tu, miguu imekunjwa chini ya tumbo, wajua mwenyewe kwamba hiyo si kazi yako bali ya daktari wa mifugo.) Kuvuta kunafaa kwa ndama kwa sababu kichwa chake ni kirefu na chembamba. Kifua na nyonga zikipita, kichwa hufuata bila taabu.

Mtoto wa mwanadamu ni kinyume. Kwake kichwa ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote. Kikitangulia, kina saa nyingi za kufungua njia na kujibana kidogo kidogo, na kikipita, mabega na mwili huteleza. Yakitangulia makalio, mwili mwembamba waweza kupita kabla mlango wa uzazi haujafunguka wa kutosha, kisha kichwa kikaja mwisho, nacho hakina saa nyingi. Kina dakika chache tu, kwa sababu wakati huo kamba ya kitovu imebanwa kati ya kichwa na mfupa wa nyonga ya mama, na mtoto hapati hewa.

Tena mtu akimvuta mtoto huyo kwa miguu, mikono yake huinuka ikakaa kando ya kichwa, na kidevu chake huinuka kama cha mtu atazamaye angani. Kichwa kilichoinama hupita, kilichoinuka hukwama. Mvutaji adhani anasaidia, kumbe yeye ndiye anayefunga mlango. Mkunga aliyefundishwa kuzalisha watoto wa namna hii hutumia muda mrefu akiwa ameshika mikono yake mwenyewe, akitazama tu, na hugusa mahali panapotakiwa peke yake. Ni kazi ya kujifunza kwa miaka, wala haifanywi na jirani mwenye nguvu.

JINSI YA KUJUA

Mama mwenyewe huenda akawa wa kwanza kushuku. Ahisi kitu kigumu cha mviringo chini ya mbavu, kinachomzuia kupumua vizuri akikaa, na mateke yako chini karibu na kibofu. Lakini dalili hizo si hakika. Muuguzi wa kliniki hulipapasa tumbo kwa mikono miwili, hutafuta kichwa, na husikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Kwa mtoto aliyekaa kichwa juu, mapigo husikika zaidi sehemu za kitovu cha mama au juu yake. Hata mikono ya mzoefu hukosea mara nyingine, hasa mama akiwa mnene au mtoto akiwa amenyosha miguu. Kwa hiyo muuguzi akishuku, mama apelekwe kupigwa skani, yaani picha ya mtoto tumboni. Skani huonyesha mtoto amekaaje, miguu iko wapi, kichwa kimeinama au kimeinuka, kondo liko wapi, na maji ni kiasi gani.

Wako mama waliopigwa skani mwezi wa tano wa mimba, wakaambiwa mtoto yu salama, wakaona kazi imekwisha. Skani ile haikusema lolote juu ya jinsi mtoto atakavyokaa mwezi wa tisa. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mama aonwe kliniki mara 8 katika mimba moja, na tano kati ya hizo ziwe katika miezi mitatu ya mwisho. Kama kazi za shamba zimekubana, usiikose ile ya wiki ya 36. Siku hiyo uliza wazi: "Nesi, kichwa kiko chini?" Jibu liandikwe katika kijitabu cha mama na mtoto, nawe ulisome kabla hujaondoka.

KUMGEUZA MTOTO

Ukiambiwa kichwa kiko juu, neno la kwanza la kuuliza ni kama mtoto aweza kugeuzwa. Kazi hii hufanywa kuanzia wiki ya 36 au 37, tena katika hospitali yenye chumba cha upasuaji. Daktari humtazama mtoto kwa skani na kusikiliza moyo wake. Mama hupewa dawa ya kulegeza tumbo la uzazi. Kisha daktari huweka mikono miwili juu ya tumbo, akamwinua mtoto kutoka nyongani na kumsukuma polepole apinduke, kama kijana anayejitosa mtoni. Ni kazi ya dakika chache. Yaweza kuuma, na mama akisema basi, huachwa. Baadaye moyo wa mtoto husikilizwa tena, na mama ambaye damu yake ni ya Resusi hasi hudungwa sindano yake.

Kwa jumla hufaulu karibu nusu: mama 4 hivi katika 10 kwa wale wa mimba ya kwanza, na 6 hivi katika 10 kwa wale waliokwisha kuzaa. Mtoto akigeuka, kwa kawaida hubaki hivyo. Hatari ipo lakini ni ndogo: katika mama 200, mmoja hivi hulazimika kupasuliwa upesi, na ndiyo maana kazi haifanywi mbali na chumba cha upasuaji. Haifai kwa mama ambaye kondo limeziba njia, wala aliyetokwa na damu karibuni, wala ambaye chupa imekwisha kupasuka, wala mwenye pacha tumboni. Si kila hospitali ina mtu wa kuifanya. Ukiambiwa, "Hapa hatufanyi," usirudi nyumbani tu. Omba barua ya kwenda inakofanywa.

Sasa tuseme juu ya kukandwa tumbo nyumbani. Katika vijiji vingi yuko shangazi au nyanya ajuaye kukanda, na watu humheshimu kwa haki, kwa kuwa amewasaidia wengi kwa ushauri na faraja. Lakini mikono yake haioni kondo liko upande gani, wala hasikii moyo wa mtoto unapoanza kwenda polepole. Kondo likibanduka kwa kukandwa, mama hutokwa damu ndani, na mtoto aweza kufa kabla gari halijafika. Mwombe shangazi afuatane na mama kliniki. Huko atafaa sana.

Na kulala makalio yameinuliwa juu ya mito, au kupiga magoti asubuhi na jioni? Wengi hushauriana hivyo. Wataalamu wamepima mambo haya, wala hawakupata ushahidi kwamba yanamgeuza mtoto. Mama akitaka kujaribu, na haoni kizunguzungu, hatumkatazi, maadamu hayo hayachukui nafasi ya kliniki. Dawa za mitishamba za kumgeuza mtoto asinywe. Nyingine huamsha uchungu, na uchungu ndio tusioutaka wakati huo.

AZALIWE KWA NJIA GANI?

Mtoto asipogeuka, njia ni mbili: kupasuliwa kwa siku iliyopangwa, au kuzaa kwa njia ya kawaida mbele ya mtu aliyefundishwa kazi hiyo hasa.

Mwaka 2000 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa juu ya jambo hili, uliowahusu mama 2,088 katika nchi 26. Kwa mama waliopangiwa upasuaji, watoto waliokufa au kuumia vibaya walikuwa kama 16 katika 1,000. Kwa waliopangiwa kuzaa kwa njia ya kawaida walikuwa 50 katika 1,000. Tangu hapo hospitali nyingi duniani zilishika njia ya upasuaji. Lakini watoto wa uchunguzi huo walipofuatwa mpaka miaka miwili, makundi hayo mawili hayakuonekana kutofautiana katika vifo na ukuaji wa akili yakihesabiwa pamoja, na madaktari wengi wamesema kwamba mama akichaguliwa kwa uangalifu na mzalishaji akiwa hodari, njia ya kawaida bado yafaa kwa baadhi yao. Hawa ni mama ambao mtoto si mkubwa mno, kichwa chake kimeinama, miguu haikutangulia, na wao wenyewe hawana kovu la upasuaji wa zamani.

Shida ni kwamba, kwa kuwa wengi hupasuliwa, wazalishaji hodari wa kazi hii wamepungua. Basi muulize daktari bila haya: "Usiku nikishikwa na uchungu, atakuwapo mtu ajuaye kumzalisha mtoto aliyetanguliza makalio? Na chumba cha upasuaji kitakuwa wazi?" Kama jibu la swali moja ni hapana, sisi kwa maoni yetu twaona upasuaji uliopangwa ndiyo njia ya busara. Upasuaji nao si mchezo. Una kidonda, una hatari ya damu na ya maambukizi, na huacha kovu la kukumbukwa katika kila mimba itakayofuata. Lakini upasuaji uliopangwa asubuhi, mama akiwa hajala na damu ikiwa tayari, ni jambo moja. Upasuaji wa saa nane za usiku, mama akiwa amechoka na mguu wa mtoto umekwisha kutoka, ni jambo jingine kabisa. Kwa kawaida siku huwekwa katika wiki ya 39, mapafu ya mtoto yakiwa yamekomaa.

TUSEME NYUMBA YAKO IKO KINANGOP

Tuseme ni mwezi wa Aprili, mvua ya masika imeshika, nawe una ekari zako Kinangop, kilometa kadhaa kutoka barabara ya lami. Muuguzi amemwambia mkeo, wiki ya 36, kwamba mtoto amekaa kichwa juu. Mfanye nini jioni hiyo?

Kwanza, mwajua kwamba zahanati iliyo karibu si mahali pa kuzalia safari hii. Zahanati na vituo vingi vya afya havina chumba cha upasuaji. Mahali penu ni hospitali ya daraja la nne au zaidi. Kwa watu wa Kinangop huenda ikawa Engineer au Naivasha, kwa watu wa Mwea ni Kerugoya. Mama akajulikane huko mapema, aandikwe, na barua ya kliniki iwekwe ndani ya kijitabu chake.

Pili ni barabara. Wewe waijua barabara yenu wakati wa mvua kuliko mwandishi wa gazeti. Wajua ni daraja lipi hufunikwa na maji, na ni mteremko upi gari hukataa. Mtafute mwenye gari anayepita hapo hata kwenye tope, mpatane bei sasa, kisha mtafute wa pili, kwa maana wa kwanza aweza kuwa amekwenda Nairobi na kabeji. Pikipiki si chombo cha mama huyu akiwa na uchungu au maji yakiwa yamevunjika. Na kama barabara ni mbaya kweli, shauri bora kuliko yote ni kuondoka kabla: kuanzia wiki ya 37 au 38 mama akakae kwa ndugu aliye karibu na hospitali, au katika nyumba ya kungojea uzazi kama hospitali inayo. Najua utasema, "Nani atakamua?" Ni swali la haki. Lijibu mapema, na jirani, ukimwahidi nawe kumkamulia siku yake.

Tatu ni fedha. Zamani uzazi wa bure ulikuwa chini ya Linda Mama ya NHIF. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi za NHIF zimechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na mpango wa wazazi ukaitwa Linda Jamii. Kujiandikisha peke yake hakutoshi: mkulima asiye na mshahara hupimiwa mchango wake, na mchango hulipwa. Piga *147# ujue kama jina la mama limo na kama mmelipa. Fanya hivyo wiki ya 36, wala si mlangoni pa wadi. Kisha uliza hospitali ni vitu gani mtanunua wenyewe. Fedha za maziwa hulipwa mwisho wa mwezi, na mtoto hangojei mwisho wa mwezi. Kama italazimu kuuza kondoo, muuze sasa ungali na nafasi ya kukataa bei mbaya.

Nne ni damu. Mama aliyepasuliwa aweza kuhitaji kuongezwa. Zungumza na ndugu wawili au watatu walio wazima, wawe tayari kwenda kutoa.

Tano ni neno la nani atoe idhini. Tumesikia zaidi ya mara moja habari za mama aliyefika hospitali kwa wakati, kisha saa zikapotea kwa kumtafuta mume aliyekuwa sokoni, au kungoja baba mkwe akubali. Mama mtu mzima aliye na fahamu zake hutia sahihi yake mwenyewe, nayo yatosha. Lakini afadhali mzungumze nyumbani, wazee wakiwapo, muafikiane kwamba daktari akisema upasuaji ni lazima, hapana baraza tena.

Mfuko uwe mlangoni: kijitabu, kitambulisho, kanga mbili safi au zaidi, pedi, nguo za mtoto, blanketi, tochi, na chaja ya simu. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini aambiwe pia, ili ajue nyumba hii ina mama wa kutazamwa.

UCHUNGU UKISHIKA KABLA YA SIKU

Huenda ukashika, kwa kuwa mtoto hasomi kalenda ya daktari. Mama huyu asingoje uchungu ukolee, kama walivyozoea wengine. Uchungu wa kwanza wa mfululizo, au maji yakivunjika hata bila uchungu, au damu ikitoka, au mtoto akipunguza kucheza, ni kuondoka saa ile ile. Piga simu hospitali mkiwa njiani, useme wazi: "Mtoto ametanguliza makalio." Maneno hayo matatu huwafanya wakutayarishie.

Maji yakivunjika, tazama kama kuna kitu kama kamba laini kimetokeza njiani au chahisiwa pale. Hiyo ni kamba ya kitovu, na hapo kila dakika ina thamani. Usiirudishe ndani wala usiishikeshike. Mama apige magoti, kifua na kichwa vishuke chini, makalio yainuke juu, ili uzito wa mtoto uondoke juu ya kamba. Ndani ya gari alale ubavu wa kushoto, nyonga zimeinuliwa kwa blanketi lililokunjwa. Wajulishe hospitali wafungue chumba cha upasuaji.

Na kama mtoto aja njiani, gari limekwama, hakuna mkunga? Piga simu hospitali, mwombe mkunga awaongoze kwa maneno, simu ikiwa karibu na masikio. Mama asilale chali. Apige magoti na kushika chini kwa mikono, au achuchumae, mtoto ashuke kwa uzito wake na kwa nguvu za mama. Ukiona makalio au miguu, mikono yako kaa nayo. Mwili ukitoka mpaka kitovu, bado usivute. Mfunike tu kwa kitambaa kikavu asipatwe na baridi, na umwambie mama asukume kila uchungu ujapo. Ukiona kinyesi cheusi kinamtoka mtoto, usishtuke sana, kwa kuwa tumbo lake linabanwa. Waambie hospitali. Akizaliwa, mpanguse mpaka akauke, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunike wote wawili, na muendelee na safari. Safari haijaisha kwa sababu mtoto amelia.

BAADA YA KUZALIWA

Mama aliyepasuliwa aweza kumnyonyesha mtoto saa ile ya kwanza akisaidiwa kumshika. Kwa wiki sita asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na debe la viazi nalo ni zito. Kazi hizo ni zako, mume, au za vijana wako. Kidonda kikiwa chekundu, kikitoa usaha, au mama akipata homa, arudi hospitali siku hiyo. Mimba nyingine ingoje angalau miaka miwili baada ya uzazi huu, na itakapokuja, azalie hospitali yenye chumba cha upasuaji. Si lazima apasuliwe tena. Wengi huzaa kwa njia ya kawaida mara ya pili, lakini kovu lake litazamwe na wajuao.

Liko jambo moja ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Mtoto aliyekaa kichwa juu katika miezi ya mwisho ana hatari zaidi ya kuzaliwa na kiungo cha nyonga kisichokaa vizuri katika kitako chake. Haijalishi kama alizaliwa kwa upasuaji au kwa njia ya kawaida. Hakumuumi, wala huwezi kukuona kwa macho. Kukiachwa, mtoto huanza kutembea akichechemea. Kwa hiyo muuguzi amkague nyonga kabla hamjaondoka wadini, na mtoto akifika wiki 6 uulize juu ya picha ya nyonga, hata kama wanaona mtoto ni mzima. Kukigunduliwa mapema, hutengenezwa kwa mikanda laini tu. Na hapa mazoea yetu yatufaa: mtoto anapobebwa mgongoni, magoti yamekunjwa na mapaja yamepanuka kumkumbatia mama, nyonga hukaa pale panapostahili. Kumfunga mtoto miguu imenyoshwa na kubanwa pamoja, kama mzigo wa miwa, ndiko kusikofaa. Akilala, mfunike na kumtia joto, lakini miguu iache ipate kurusha mateke.